Mambo ya Fedha: Kusimamisha Malipo Kabla Maji Hayajamwagika

Watu wengi wa Kenya siku hizi huweka fedha zao benki, nao hujua vema namna ya kuziweka na namna ya kuzitoa. Jambo la tatu, yaani namna ya kuzizuia fedha zisitoke baada ya kuamriwa zitoke, hujulikana na wachache. Wengine hudhani ya kuwa hundi ikiisha kutiwa sahihi hapana njia tena. Wengine hudhani kinyume, ya kuwa benki yaweza kurudisha malipo yo yote, wakati wo wote, maadamu mwenye akaunti amelalamika. Wote hao wamekosea, na kosa hilo limewapotezea watu wenye bidii fedha walizozichuma kwa jasho.

Ukweli ni kwamba kila namna ya malipo ina saa yake ya mwisho. Kabla ya saa hiyo, agizo la kusimamisha malipo lina nguvu. Baada yake kinachobaki ni kudai, na kudai ni safari ndefu yenye barua nyingi. Kwa hiyo yampasa kila mwenye akaunti ajue, kabla ya kulipa, saa hiyo ni ipi.

HUNDI

Hundi, ambayo wengi huiita cheki, si fedha. Ni agizo ambalo mwenye akaunti anaiandikia benki yake, akiitaka imlipe mtu fulani kiasi fulani. Na kwa kuwa ni agizo, yeye aliyelitoa aweza kulitangua, maadamu benki haijalitimiza. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 ilisema hivyo waziwazi, na sheria ya Kenya juu ya hundi ilifuata mfano huo: uwezo wa benki wa kulipa hundi hukoma mwenye akaunti akiizuia, au benki ikipata habari ya kifo chake.

Kwa mfano, na achukuliwe mkulima wa viazi wa Nyandarua aliyenunua pampu ya maji kwa hundi ya shilingi 85,000 siku ya Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi aifunga pampu mtoni, na mara aona ya kuwa imepasuka na kuzibwa kwa gundi. Ampigia simu mwuzaji, naye mwuzaji akataa kumsikiliza. Mkulima huyu ana sababu ya haki, lakini hana wakati wa kukaa na kulaumu. Zamani hundi zenyewe zilibebwa kutoka benki hadi benki, na siku kadhaa zilipita kabla ya kulipwa. Tangu mwaka 2011 benki za Kenya hupelekeana picha za hundi kwa mitambo, na hundi iliyowekwa leo huweza kulipwa siku ya kazi inayofuata. Hundi ya Ijumaa, basi, yaweza kulipwa Jumatatu. Mkulima akisema atakwenda mjini siku ya soko, Jumatano, atakuta fedha zimekwisha kwenda.

Kuna kesi mbili za Uingereza ambazo wanasheria huzitaja mpaka leo, na mafundisho yake yamfaa mkulima wa Nyandarua sawasawa na mtu wa London. Katika kesi ya Curtice, iliyoamuliwa mwaka 1908, mteja alipeleka telegramu ya kusimamisha hundi yake wakati benki imekwisha fungwa. Telegramu ikatiwa katika sanduku la barua la benki, na kwa uzembe haikuonwa mpaka hundi ilipokuwa imelipwa. Mahakama ikaamua ya kuwa hundi haikusimamishwa, kwa sababu agizo halikuifikia benki kwa kweli. Katika kesi ya Hilton, iliyoamuliwa mwaka 1926, mteja alipeleka agizo lake kwa wakati, lakini alikosea nambari ya hundi. Benki ikailipa hundi ile ile aliyotaka kuizuia, kwa kuwa nambari yake haikuwa ile iliyotajwa katika agizo. Mteja akashindwa.

Mafundisho ni mawili. La kwanza, agizo lisiachwe hewani. Ujumbe uliotumwa usiku, au barua iliyoachwa kwa bawabu, haitoshi mpaka mtu wa benki aliye na mamlaka amelipokea na kulikubali. Benki nyingi hupokea habari kwa simu au kwa programu ya simu, na ni vizuri kuanza hapo kwa ajili ya haraka, lakini maandishi yafuate mara moja. La pili, nambari ya hundi ndiyo jina lake. Jina la mlipwaji laweza kufanana na jingine, kiasi chaweza kufanana na kingine, bali nambari haifanani. Ndiyo sababu kile kipande kinachobaki katika kitabu cha hundi yafaa kijazwe kila mara, wala kisiachwe kitupu kama wafanyavyo wengi.

Barua yenyewe haihitaji maneno mengi. Yaweza kuandikwa hivi:

“Kwa Meneja wa Tawi. Tafadhali usilipe hundi nambari 000142 ya akaunti iliyotajwa hapo juu, ya tarehe 6 mwezi huu, ya shilingi 85,000, iliyoandikwa kwa jina la mwuzaji aliyetajwa hapa chini. Sababu: bidhaa iliyouzwa ni mbovu. Hundi hiyo isilipwe hata ikiletwa mara ya pili. Barua hii imeletwa benki leo, saa tatu na nusu asubuhi.”

Barua iandikwe nakala mbili, na nakala moja ipigwe mhuri wa benki wenye tarehe, kisha irudi nyumbani na mwenyewe. Benki itatoza ada kwa kazi hiyo. Ada ilipwe bila manung’uniko, kwa maana ni ndogo kuliko thamani ya pampu. Endapo agizo limepokewa sawasawa, na hata hivyo benki ikailipa hundi kwa makosa yake, kwa kawaida hasara ni ya benki, wala si ya mteja. Lakini bila ile nakala yenye mhuri, atathibitishaje?

Iko kinga nyingine iliyo rahisi zaidi, nayo ni kuchora mistari miwili juu ya uso wa hundi wakati wa kuiandika. Hundi yenye mistari hailipwi taslimu dirishani. Sharti ipitie katika akaunti. Hivyo mwenyewe hupata muda kidogo wa kuikagua bidhaa, na zaidi ya hayo hujulikana fedha zilikwenda wapi.

DENI HALIFI KWA KUSIMAMISHA HUNDI

Hapa lazima onyo litolewe. Kusimamisha hundi ni kuzuia malipo, si kufuta deni. Ikiwa pampu ilikuwa nzima na mkulima amebadili nia tu, mwuzaji aweza kumshtaki kwa hundi hiyo hiyo. Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria yaitaka imalize shauri katika siku 60. Mlango huo uko wazi kwa mwuzaji, na uko wazi vilevile kwa mkulima aliyeuziwa pampu mbovu. Kwa hiyo anayesimamisha hundi yafaa amwandikie mwuzaji siku ile ile, amweleze sababu, na amwambie aje achukue pampu yake. Akikaa na pampu na kukaa na fedha pia, hataonekana mtu wa haki.

Jambo zito zaidi ni hili. Kifungu 316A cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya husema ya kuwa ni kosa kutoa hundi huku mtu akijua ya kuwa akaunti yake haina fedha za kutosha, au imefungwa, au ya kuwa yeye mwenyewe alikwisha iagiza benki isiilipe hundi hiyo. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mtu aliyetoa hundi kwa nia njema, kisha akagundua hila na kuizuia, ni mbali na mtu aliyepeleka barua ya kuizuia kwanza, ndipo akampa mwenziwe hundi ile akitabasamu. Huyu wa pili ni mdanganyifu, na sheria humwita hivyo.

FEDHA NYINGI ZA MARA MOJA

Tangu Oktoba mwaka 2009, hundi inayozidi shilingi milioni moja haipitishwi tena baina ya benki za Kenya. Malipo makubwa hupita katika mtambo wa Benki Kuu ulioanza kazi mwaka 2005, ambao hulipa moja kwa moja kutoka benki moja hadi nyingine saa ile ile. Wanunuzi wa mashamba na magari huutumia kila siku. Ni njia iliyo salama kwa kuwa haina noti za kuibiwa njiani, lakini ina tabia moja ambayo kila mnunuzi lazima aijue: malipo yakiisha kupita, yamekwisha. Hakuna siku ya katikati ya kuyasimamisha. Anayenunua ekari mbili asipate kusema, “Nitalipa kwanza, kisha nitauliza ofisi ya ardhi kama hati ni ya kweli.” Aulize kwanza. Maji yakimwagika hayazoleki.

FEDHA ZA SIMU

Kutuma fedha kwa simu kulianza nchini mwezi Machi mwaka 2007 kwa huduma ya M-Pesa, na leo hata mama muuza mboga hulipwa kwa njia hiyo. Kosa la kawaida ni tarakimu moja: sifuri ikawa nane, na fedha za ada ya mtoto zikaenda kwa mtu asiyejulikana. Simu huonyesha jina la mpokeaji kabla malipo hayajakamilika, ili mtumaji ajizuie. Wengi hawalisomi jina hilo kwa haraka yao.

Kosa likiisha kutokea, ujumbe wote wa malipo upelekwe mara moja kwa nambari 456 ya kampuni ya Safaricom, kuomba malipo yarudishwe. Si busara kuanza kwa kumpigia mpokeaji na kumsihi, kwa maana kama si mwaminifu, simu hiyo itakuwa ndiyo iliyomwamsha aende kwa wakala. Kampuni huweza kuzishika fedha ambazo bado zimo katika simu ya mpokeaji. Fedha zilizokwisha tolewa haziwezi kushikwa. Hata hivyo fedha zilizofika kwa makosa si zawadi, na mwenyewe aweza kuzidai kwa njia ya sheria.

Wako pia wageuzao njia hii kuwa mtego. Mtu hupeleka ujumbe wa uongo unaofanana na ule wa kweli, kisha hupiga simu akilia ya kuwa ametuma fedha kwa makosa, arudishiwe. Anayepata simu ya namna hii aangalie salio lake kwanza. Ikiwa fedha hazikuongezeka, hana cha kurudisha. Na ikiwa zimeongezeka, amwambie huyo mtu aombe kwa kampuni, ili fedha zirudi kwa njia zilizopitia.

KADI YA BENKI

Kadi ina kanuni zake zenyewe, na katika jambo moja humpa mnunuzi nguvu kuliko hundi. Anayelipa kwa hundi aweza kuzuia fedha kabla hazijatoka. Anayelipa kwa kadi aweza, kwa sababu zinazokubaliwa, kupinga malipo hata baada ya fedha kutoka. Marekani, ambako kadi hizi zilienea mapema, sheria ya mwaka 1974 ilimpa mwenye kadi ya mkopo siku 60 za kuandika juu ya kosa lililo katika hesabu yake. Katika nchi nyingine, Kenya mojawapo, mwenye kadi ya Visa au Mastercard hutegemea sana kanuni za kampuni hizo, ambazo benki zote zitoazo kadi zao zimekubali kuzifuata.

Kazi huendeshwa hivi. Mwenye kadi hupeleka lalamiko kwa benki iliyompa kadi. Benki hiyo hulipeleka kwa benki ya mwuzaji, ikieleza sababu. Mwuzaji huulizwa, naye hupewa nafasi ya kuleta ushahidi wake: risiti, sahihi, au hati ya kuonyesha ya kuwa mzigo ulipokewa. Akishindwa kujibu, au jibu lake likiwa dhaifu, fedha hurudi kwa mwenye kadi. Akiwa na ushahidi mzuri, malipo husimama. Wakati mwingine benki humrudishia mteja fedha kwa muda shauri likingali linasikilizwa. Fedha hizo asizitumie kana kwamba ameshinda, maana zaweza kuchukuliwa tena.

Sababu zinazokubaliwa hujulikana. Malipo hayakufanywa na mwenye kadi kabisa. Au ametozwa mara mbili kwa kitu kimoja, au ametozwa zaidi ya bei. Au bidhaa haikufika, au imefika mbovu, au si ile iliyoelezwa. Au mwuzaji aliahidi kurudisha fedha na hakurudisha. Kujutia kununua si sababu. Kuona ya kuwa jirani amenunua kwa bei nafuu si sababu pia.

Kwa mfano, karani wa Nakuru aagiza vipuri vya cherehani kutoka ng’ambo kwa dola 120, navyo vyaahidiwa kufika katika majuma matatu. Majuma sita yapita. La kwanza afanye nini? Amwandikie mwuzaji barua pepe, na kuhifadhi jibu, au kuhifadhi kimya chake. La pili, aende benki na kujaza fomu ya kupinga malipo, akiambatisha hati ya maagizo, tarehe iliyoahidiwa, na barua zake. La tatu, asichelewe. Kwa sababu nyingi kampuni za kadi huweka kikomo cha siku 120, na benki yenyewe yaweza kumtaka mteja alete lalamiko mapema kuliko hapo ili ipate wakati wa kulitengeneza. Karani anayesoma taarifa ya akaunti yake mara moja kwa mwaka atakuta siku zake zimekwisha.

Kabla ya kulalamika, yafaa kuhakikisha mambo matatu. Kwanza, jina lililo katika taarifa ya akaunti huenda si jina lililoandikwa mlangoni pa duka. Mara nyingi ni jina la kampuni yenye duka. Pili, malipo ya fedha za kigeni hubadilika kidogo kufuatana na thamani ya shilingi siku hiyo, na tofauti hiyo si wizi. Tatu, hoteli huzishika fedha kwa muda kabla ya hesabu ya mwisho, na fedha zilizoshikwa bado si malipo. Mara nyingi huachiliwa zenyewe.

Ama malipo ambayo mwenye kadi hayajui kabisa, hayo hayangoji fomu. Kadi ifungwe saa ile ile, kwa simu au kwa programu ya benki, hata kama kiasi ni shilingi 50 tu. Wezi wa kadi hujaribu kwanza kwa kiasi kidogo, wakiona kimepita ndipo huja na ndoo kubwa. Na ikiwa malipo yalifanywa kwa kadi yenyewe na nambari ya siri, kuipinga hesabu hiyo ni vigumu sana, kwa maana benki itasema ya kuwa nambari ya siri hujulikana na mwenyewe peke yake. Kumpa mtoto wa shangazi kadi na nambari akatoe fedha mashineni ni kuitupa haki hiyo.

Yako pia malipo yanayojirudia kila mwezi, kama ada ya bima au ya huduma fulani ya intaneti iliyoanza kwa “mwezi mmoja wa bure.” Anayetaka kuyakomesha amwandikie kwanza mwenye kutoza, kisha benki, siku kadhaa kabla ya tarehe ya kutozwa, na kutunza nakala za barua zote mbili. Kubadilisha kadi peke yake hakutoshi kila mara.

BENKI ISIPOSIKIA

Ikiwa benki haijibu, mteja asiishie kugombana na karani wa dirishani, ambaye mara nyingi hana uwezo wa kuamua. Aombe nambari ya lalamiko lake. Aandike kwa meneja wa tawi, na baada ya hapo kwa makao makuu ya benki. Asiporidhika, Benki Kuu ya Kenya hupokea malalamiko ya wateja wa benki, nayo itataka kuona kwanza ya kuwa benki yenyewe iliandikiwa. Barua fupi yenye tarehe, kiasi na nambari husomwa. Barua ndefu yenye matusi huwekwa kando.

Katika mambo haya yote, hundi, simu na kadi, anayefaulu si mwenye sauti kubwa, wala si mwenye akaunti nono. Ni yule aliyeandika nambari siku aliyolipa, akakagua mzigo siku ulipofika, na kwenda benki siku alipoona kosa. Wazee walisema ya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shilingi chache, likijazwa kila jioni, laweza kurudisha shilingi 85,000 za pampu, na msimu mzima wa viazi pamoja nazo.